Baiskeli ya kukunja kwenye ndege ndogo: maneno kwa vijana wapya wa uwanjani

Mgeni akishuka kwenye teksi pale Kisauni, uwanja wa ndege wa Unguja, na baiskeli yake ya kukunja mkononi, jambo la kwanza atakalokwambia ni uzito. "Kilo kumi tu hii." Haongopi, ndivyo alivyosoma dukani. Ila karatasi ya dukani haikuhesabu kufuli, pampu, taa, karia ya nyuma, spana na huo mfuko wa kubebea. Mpokee kwa heshima, mpe pole ya safari, kisha itundike kwenye mizani. Ile ya ndoana wanayopimia samaki inatosha, mradi uwe umeihakiki kwanza kwa dumu la maji: lita 10 ni kilo 10, ongeza dumu lenyewe. Usishangae mshale ukisimama kwenye 13 au 14.

Nawaandikia nyinyi mlioanza juzi kupakia ndege ndogo za watu binafsi, na vijana mliotoka kuchukua leseni ya urubani mnaotaka kumaliza wikiendi Pemba na baiskeli zenu. Ndege za abiria zina utaratibu wake na kaunta yake. Kwenye ndege ya mtu binafsi hakuna kaunta. Ni wewe, rubani, mlango mdogo, na jua la saa sita.

Uzito ukishaujua, umemaliza sehemu nyepesi ya kazi. Ngumu ni umbo. Begi la nguo utalisukuma kwa goti liingie. Baiskeli ikishakunjwa imekunjwa, haipungui tena hata kidole kimoja. Brompton, ile ya Kiingereza yenye magurudumu ya inchi 16, ikikunjwa inakuwa boksi la karibu sentimita 58 kwa 56 kwa 27. Za mtindo wa Dahon, zenye magurudumu ya inchi 20, ni pana zaidi: hesabu kama 80 kwa 65 kwa 35, na kila moja ina pembe yake inayochomoza. Sasa chukua Cessna 172, ndege ya viti vinne utakayokutana nayo kuliko zote. Mlango wake wa mizigo, ule wa ubavuni kwa nyuma, una upana usiofika sentimita 40 na urefu wa kama 56. Kwenye karatasi Brompton inakaribia kupita. Pale mlangoni mtagombana nayo mpaka rangi ya ndege itoke. Usigombane. Sogeza kiti cha mbele, ipitishe mlango wa abiria, uivushe juu ya kiti cha nyuma ikiwa imesimama kwa ubavu wake mwembamba. Ya inchi 20 mara nyingi huishia kukaa kwenye kiti cha nyuma chenyewe, na hapo inakula nafasi ya mtu.

Cessna 206 yenye milango miwili ya mizigo ubavuni, au Caravan, hazina shida hiyo. Humo baiskeli nne zinaingia na bado unatafuta cha kujazia. Lakini kwenye Caravan anza kupakia mbele ukirudi nyuma, na usiruhusu watu wajazane mlangoni kwa nyuma wakati mbele ni tupu, kwani ndege hiyo inaweza kukaa kwa mkia. Kile kiguzo cha kuukinga mkia hakikuwekwa kwa urembo.

Turudi kwenye 172, kwa kuwa ndipo hesabu inapobana. Aina ya 172S inaruhusiwa kuruka na jumla ya kilo 1,157. Toa uzito wa ndege tupu, toa mafuta ya matangi yaliyojaa, ambayo ni kama lita 200 zenye uzito wa kilo 145 hivi, unabakiwa na takriban kilo 240 za watu na vitu vyao. Hiyo ni ya jumla tu. Kila ndege ina karatasi yake ya uzito, na hiyo ndiyo ya kufuata. Watu wawili wazima, mabegi yao na baiskeli mbili, umekwisha. Rafiki wa tatu aliyekuja "kusindikiza tu" halafu akaona kiti kitupu, mwambie mapema asifungue mlango.

Kisha uliza uzito umekaa wapi. Kwenye 172 vipimo huanzia ukuta wa injini: viti vya mbele viko kama mita 0.94 kutoka hapo, kiti cha nyuma mita 1.85, mizigo mita 2.41. Baiskeli ya kilo 13 iliyowekwa kwenye mizigo inauvuta mkia chini kuliko ile ile ikikaa kwenye kiti cha nyuma. Sehemu ya mizigo nayo ina kikomo chake, kilo 54, na kikomo hicho hakijali kwamba jumla ya ndege iko sawa. Baiskeli mbili na mabegi mawili ya kilo 15 hapo hapo nyuma, umeshavuka. Ndege iliyozidiwa nyuma huinua pua kwa wepesi wa kupendeza, na wepesi huo ndio hatari, kwa sababu ikipoteza mwendo huenda pua isikubali kushuka tena. Kitovu cha uzito, yaani pale uzito wote wa ndege unaposawazika, hesabu kila safari, hata kama ni watu wale wale na baiskeli zile zile.

Kufunga ndiko ninakogombana na vijana zaidi. Sote tumekua tukifunga mzigo kwenye karia kwa mpira wa tyubu kuukuu. Mpira ule unabeba gunia la mkaa kutoka Mwera mpaka Darajani bila kulegea, kwa hiyo kijana akiuona mzigo, mkono wake unautafuta mpira. Kwenye ndege uache. Mpira unavutika. Mawimbi ya hewa yakiirusha baiskeli juu, mpira unaipa nafasi ya kupanda, kisha unairudisha kwa nguvu. Tumia mikanda isiyovutika, ile yenye kikazio cha meno ya chuma, na uifunge kwenye pete za sakafu za ndege. Ikiwa baiskeli iko kwenye kiti, pitisha mkanda wa kiti ndani ya fremu, si kwenye spoku, kwani spoku zinapinda na gurudumu linazunguka. Wanaotengeneza ndege huhesabu nguvu ya mgongano mara 9 ya uzito na zaidi. Baiskeli ya kilo 13 kwa hesabu hiyo inamfuata rubani kisogoni na kilo 117. Ukimaliza kukaza, ishike kwa mikono miwili uitikise kwa nguvu zako zote. Ikicheza, anza upya.

Usiiweke kiti cha mbele hata mwenyewe akuombe vipi. Usukani wa upande ule unasogea mbele na nyuma pamoja na wa rubani, na pedali za miguu vilevile. Usukani wa baiskeli ukinasa pale wakati wa kutua, hakuna wa kuunasua. Na mlango wowote ambao mtu atahitaji kuutokea, uwe wazi.

Ipo pia adabu ya vyombo vya watu. Vioo vya ndege hizi si vioo, ni akriliki, na pedali moja ikikwaruza, mwenye ndege ataliona kovu hilo kila asubuhi jua likichomoza. Kunja pedali inayokunjika, fungua ile isiyokunjika, upande wa mnyororo uuelekeze mbali na kiti, kisha funika vyote kwa busati kuukuu au gunia la nailoni. Bomba la usukani lifunge kwa kamba pamoja na fremu, kwani vibanio vya kukunjia huwa vinajifungua vyenyewe kwa mtetemo.

Dira wengi hawaifikirii. Brompton nyingi fremu yake ni ya chuma, na chuma karibu na dira ya sumaku huipoteza. Kwa hiyo chuma kikae nyuma, mbali na dashibodi. Kuhakikisha ni rahisi kwetu Unguja, maana barabara ya kurukia imelala kaskazini na kusini, 18 na 36, yaani nyuzi 180 na 360 bila sifuri ya mwisho. Rubani akijipanga katikati ya mstari, dira isome karibu na 180 au 360. Ikionyesha namba nyingine kabisa, asiondoke. Arudi, baiskeli ihamishwe. Hapo katikati ya bahari ukungu ukishuka huna mnazi wa kuulizia njia.

Mtasikia pia amri ya kutoa upepo wote kwenye matairi, eti yatapasuka angani. Fanyeni hesabu kabla ya kubishana. Safari ya Pemba hii, ya kama nusu saa au zaidi kidogo, kwa kawaida haizidi futi elfu chache. Kwenye futi 5,000 hewa ya nje inapungua kiasi kwamba tairi linajiona lina psi 2 na nusu zaidi. Basi. Tairi hilo hilo lililojazwa psi 80 asubuhi kwenye nyuzijoto 27, ukiliacha juani mpaka lifike 60, linapanda karibu psi 10. Kwa maneno mengine, jua la kwenye lami linalitesa kuliko anga. Punguza upepo kidogo kama tairi lilijazwa mpaka kikomo, na iweke baiskeli kivulini, chini ya bawa, wakati mnasubiri. Ukitoa upepo wote, mgeni atasimama Pemba akiisukuma ile pampu ndogo ya mfukoni mpaka adhuhuri, na utakayelaumiwa ni wewe.

Betri ni habari nyingine, na hapa sina mzaha. Siku hizi zinakuja baiskeli za kukunja zenye mota. Soma maandishi kwenye betri: volti 36 mara ampea-saa 10 ni wati-saa 360. Mashirika ya ndege duniani humruhusu abiria kubeba betri za lithiamu za mpaka wati-saa 100, na kuanzia hapo mpaka 160 kwa idhini maalumu. Hiyo 360 haimo kabisa. Kwenye ndege ya mtu binafsi uamuzi unakuwa wa rubani, ndiyo, lakini moto hauulizi kanuni ni za nani. Betri hiyo ikishika moto ndani ya kibanda cha watu wanne, moshi unawafikia kabla ya mkono kufika kwenye kizimamoto. Kwangu mimi, betri ibaki Unguja na baiskeli iende bila mota. Kama mgeni hawezi kupanda mlima bila mota, basi akodi gari. Betri iliyowahi kuanguka au iliyovimba, kabla hata ya kuigusa mwite mkubwa wako.

Kuna wakati rubani mwenyewe ndiye anayekuharakisha. Yeye ndiye mwenye neno la mwisho kwenye ndege yake, na wewe pengine una umri wa mwanawe. Sema hivi hivi: "Kapteni, samahani, mkanda wa nyuma haujanishawishi, nipe dakika mbili." Rubani mzuri atakupa tano. Akikufokea, funga mkanda ukiwa umenyamaza, kisha mwambie mkubwa wako. Usijibizane naye mbele ya wageni wake.

Wakifika Pemba, kutoka uwanjani mpaka Chake Chake ni kama kilomita 7, na hapo ndipo wanapogundua kuwa Pemba si Unguja. Huku kwetu utapiga pedali mpaka Jambiani bila kubadilisha gia. Kule ni mlima, bonde, mlima. Waambieni mapema wasiobeba baiskeli yenye gia wajitayarishe kuisukuma. Kwa anayeanza, magofu ya Pujini ndiyo safari nzuri, kwani yako upande huo huo wa uwanja. Mkoani au Wete ni kilomita 30 hivi kila upande, hiyo ya wenye mapafu. Na wakati wa karafuu, majamvi yakiwa yameanikwa pembezoni mwa njia, mtu apunguze mwendo, atoe salamu, asipitishe gurudumu juu ya riziki ya watu.

Kurudi ndiko kunakosahaulika. Kwenda, mzigo ulipimwa. Kurudi, mgeni ana mfuko wa karafuu, halua ya Wete, na asali aliyopewa na mwenyeji, na baiskeli imebeba udongo mwekundu na mchanga wa chumvi. Ipigwe maji matamu, ikaushwe, mnyororo upakwe mafuta kidogo na kufutwa. Na mizani ile ya ndoana isibaki Kisauni. Mpe rubani aondoke nayo, aiweke pamoja na mikanda, maana kule uwanjani hatapata mtu wa kumkumbusha kwamba asali lita 5 inakaribia kilo 7.