Kwa mnaoanza kazi katika nyumba salama: "tumejaa" si jibu

Wadogo zangu, nyumba yetu huwahifadhi akina mama wanaokimbia ukatili nyumbani kwao. Ijumaa hii nilikuwa ofisini nikamsikia mmoja wenu akipokea simu ya mama anayeomba nafasi. "Pole dada, tumejaa," akakata. Sikumgombeza mbele ya wenzake, kwa kuwa maneno hayo hayo nami nimewahi kuyatamka. Lakini usiku ule usingizi ulinipaa. Basi nisikilizeni.

1. Idadi ya vitanda si idadi ya nafasi. Nyumba ya vitanda kumi hujazwa na akina mama watatu wenye watoto. Tena kitanda chaweza kuwa kitupu na kisimfae aliye mlangoni, kwa sababu ana kijana wa kiume aliyekwisha kubalehe.

Mwaka wangu wa pili hapa Malindi, jioni ya Ijumaa vilevile, mama mmoja alipiga kutoka upande wa Magarini kwa simu ya jirani. Alikuwa akinong'ona. Watoto wanne, mkubwa mvulana wa miaka 14. Nikatazama ubao, vitanda vyote vina watu. Nikamwambia tumejaa, apige Jumatatu. Akajibu, "Haya mwanangu, ahsante." Ahsante hiyo naisikia hadi leo. Sikumwuliza kama usiku ule ana usalama. Sikumwuliza kama ana dada au shangazi wa kumsitiri siku mbili. Sikumpa 1195, namba ya bure ya msaada kwa wanaofanyiwa ukatili, inayopokelewa usiku na mchana. Na kwenye daftari sikumwandika.

Jumatatu hakupiga. Wiki tatu baadaye nilimkuta hospitalini, mkono umetiwa plasta. Alinitambua kwa sauti. Hakunilaumu, aliniuliza tu: "Nafasi imepatikana?"

Mwisho wa robo ya mwaka niliandika ripoti kwamba waliotujia wote walipokelewa. Daftari lilisema hivyo. Tulipoomba magodoro zaidi tukaulizwa ni ya nani, ikiwa hatujamkosesha mtu nafasi. Sikuwa na la kujibu, na jibu lilikuwa limelala wodini.

2. Kwa hiyo kila anayekosa nafasi aandikwe: tarehe, alikotoka, watoto wangapi, kwa nini amekosa, umempeleka wapi. Jina si lazima.

3. Aliyebakwa ni hospitali kwanza, mahojiano yenu baadaye. PEP, dawa za kukinga asiambukizwe VVU, ina saa 72 tu. Asioge, na nguo zitiwe kwenye mfuko wa karatasi. PRC, fomu ya matibabu ya aliyebakwa, hujazwa hospitalini; P3, fomu ya ushahidi wa majeraha, hutoka polisi. Haya mnayajua, yafanyeni.

4. Si kila mama ahame. Sheria ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015 inairuhusu mahakama kutoa amri ya ulinzi, na hata kumwachia mama nyumba wanayoishi, iwe ni ya mume au ya kupanga. Mama akabaki na mbuzi wake, watoto wakabaki shuleni. Sisi hukimbilia kumfungasha mwenye kuumizwa kwa kuwa ndiyo njia tuliyoizoea, kisha tunalalamika vitanda havitoshi. Mpelekeni kwa wakili wa msaada wa kisheria mapema, jamani!

5. Tuktuk isimshushe getini, nyumba yetu ilipo ni siri. Hata kama dereva ni mjomba wako.

6. Vitanda vikiwa vitupu msifurahi upesi. Kuna mwezi nyumba ilikuwa nusu tupu, mwenzetu akasema huko nje kumetulia. Nikaenda kuketi na akina mama Kakuyuni, tukimenya mihogo. Nikaambiwa: kwenu si lazima mtu aje na barua ya chifu? Na wavulana si mnawanyang'anya mama zao? Mmoja alikuwa amevumilia miaka kwa kuogopa barua ambayo hatujawahi kuidai. Tangu siku hiyo kila mwezi natoka, na mmoja wenu atakuwa akifuatana nami.

7. Mama akirudi kwa mumewe, msimnunie. Mpangie jinsi ya kutoka tena, mwambie mlango ni uleule. Kuna aliyekuja mara nne, na mara ya nne ndiyo aliyokaa.

Ile namba ya mama aliyeambiwa "tumejaa" Ijumaa hii hatuwezi kuipigia, hatujui iko mkononi mwa nani. Simu ya ofisi nitalala nayo mimi mpaka Jumatatu.