Vali ya moshi isizibwe na bati

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, naishi Ujiji. Tuna gari la familia la viti nane, la mwaka 2002, injini ya petroli ya lita 2, ile inayopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda. Asubuhi linawaka vizuri, ila likishapata moto, nikisimama kushusha watoto linatetemeka mpaka usukani unacheza. Mara mbili limenizimikia pale Mwanga. Taa ya injini haizimi. Fundi mmoja alipima kwa mashine akasema ni vali ya EGR, tuizibe kwa kipande cha bati, kazi ya nusu saa. Mwingine anataka tununue injini nyingine. Nimsikilize yupi?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Wa kwanza ameujua ugonjwa lakini dawa yake siyo. Wa pili naomba umweke pembeni kabisa kwa sasa.

Vali hiyo kazi yake ni kurudisha moshi kidogo wa ekzosi kwenye hewa inayoingia injini. Moshi umeshaungua, hauwaki tena, kwa hiyo unapoza moto ndani ya silinda. Moto ukipita nyuzi 1,300 hivi, hewa yenyewe huanza kutengeneza oksidi za nitrojeni, na hizo zinachoma mapafu. Wewe unapakia watoto kila siku, na wanashuka wakipita nyuma ya gari.

Sasa, gari likiwa sailensa, yaani limesimama injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, kwa kawaida vali inatakiwa iwe imefunga. Yako nadhani imekwama wazi. Moshi unaingia wakati injini inahitaji hewa safi, ndiyo maana inatetemeka na kuzima. Asubuhi huisikii kwa sababu injini ikiwa baridi kompyuta inapandisha mzunguko. Ikipata moto mzunguko unashuka, na ugonjwa unajitokeza.

Injini za aina yako zina shida moja zaidi. Petroli haipiti kwenye njia ya hewa, kwa hiyo hakuna kinachoosha njia hiyo. Masizi ya moshi yanakutana na mvuke wa oili, yanashikana. Wiki iliyopita nimefungua moja kama yako: tundu ambalo kidole gumba kilipaswa kupita, lilipitisha njiti ya kiberiti tu. Pembeni kote ukoko mweusi, mgumu, kama sufuria ya ugali iliyosahauliwa jikoni. Na safari zako za Ujiji hadi shuleni ni fupi. Injini haijapata moto wa kutosha unaizima. Hapo ndipo ukoko unapokua.

Kuhusu bati: mwaka 2014 nilimzibia mteja mmoja, na mpaka leo inaniuma. Sailensa ilitulia, akafurahi, akalipa. Baada ya miezi michache akarudi, gari likipanda milima ya kwenda Kasulu na abiria linagonga kama mtu anayetikisa misumari ndani ya kopo. Plagi nilizozitoa zilikuwa nyeupe kwa joto. Nililitoa bati, nikasafisha njia yote bila kumdai senti. Tangu siku hiyo sizibi.

Mwambie fundi wako afanye hivi. Kwanza akague mipira ya hewa, maana uliopasuka unaleta mtetemo huohuo. Kisha, gari likitetemeka, agonge vali taratibu kwa mpini wa bisibisi. Mtetemo ukipungua hata kidogo, mmempata mwizi. Aitoe injini ikiwa baridi. Akwangue kwa kijiti cha mbao na brashi ya nailoni, apulizie dawa ya kusafishia kabureta, ila sehemu yenye waya isilowe. Wengi wanakosea hapa: wanang'arisha vali, wanairudisha, na njia ya moshi ndani ya manifoldi, lile bomba linalogawa hewa kwenye silinda, wameiacha imeziba vilevile. Njia isafishwe mpaka mwisho, na tundu la kuingilia injini lizibwe kwa kitambaa wakati wa kukwangua, kipande kisidondoke ndani. Gasketi iwe mpya. Ile ya zamani ikipakwa gundi itavuja tu.

Akiwa hapo hapo, atoe vali ndogo ya kupumulia injini, ile inayonyonya mvuke wa oili. Aitikise sikioni. Ikilia cha-cha-cha ni nzima. Ikinyamaza imekwama, anunue nyingine, bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na hiyo injini. Ukiiacha mbovu, mvuke wa oili utaendelea kuingia kwa wingi na ukoko utarudi haraka.

Oili badilisha kila kilomita 5,000, usingoje iwe nyeusi kama lami. Na Jumamosi moja moja lipeleke gari mpaka Kidahwe na kurudi, lipate moto sawasawa.

Likisafishwa hivyo na bado linatetemeka, hapo ndipo fundi apime mgandamizo wa silinda zote nne, kabla mtu yeyote hajataja tena habari ya injini nyingine. Ukiamua kulileta kwangu, lilaze gereji tangu jioni, maana vali ya moto siifungui.