Taa ya oili inapepesa silensa: presha haipandishwi kwa oili ya gia

SWALI: Habari fundi. Nina Hiace ya kubeba wanafunzi, Tegeta hadi Mwenge. Juzi juzi nimefunga injini ya dizeli ya Toyota, 5L, ya mtumba niliyoinunua Ilala. Asubuhi haina shida yoyote. Nikishakaa kwenye foleni na injini ikachemka, ikiwa silensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta) taa ya oili inapepesa; nikikanyaga mafuta kidogo inazima. Oili iko kwenye alama na filta ni mpya. Fundi wangu anasema nichanganye lita moja ya oili ya gia namba 140, presha itapanda. Mwingine anasema ninunue pampu ya oili. Nimsikilize nani?

JIBU: Salama, ndugu yangu. Kwa sasa usimsikilize yeyote kati yao, na huyo wa 140 usimpe hata funguo za gari.

Tatizo ni kwamba hakudanganyi. Ukimwaga 140, presha itapanda kweli na taa itazima, utamshukuru na kumlipa. Ndiyo maana ushauri huu haufi mjini hapa.

Pampu kazi yake ni kusukuma oili. Presha inatokea pale oili inapobanwa kupita kwenye uwazi mwembamba kati ya kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni) na beringi zake. Beringi zikilika, uwazi unapanuka, oili inatoroka kirahisi na presha inashuka, hasa ikiwa ya moto na nyepesi. Ukiweka oili nzito, inapita kwa shida na mshale unapanda. Beringi ziko vilevile zilivyokuwa jana. Asubuhi injini ikiwa ya baridi ndiyo mbaya zaidi: uzito ule unafungua valvu ya presha ya pampu, sehemu ya oili inarudishwa bila kufika juu, na valvu ya filta nayo inafunguka, oili inapita bila kuchujwa. Isitoshe, oili ya gia haikutengenezwa kubeba masizi ya dizeli. Halafu namba zenyewe wengi hawazielewi. Kipimo cha oili za gia ni tofauti na cha oili za injini: 90 ya gia inakaribiana kwa uzito na 40 au 50 ya injini, na 140 inafika kwenye 60 au kuipita. Mtu anayelinganisha 140 na 40 kana kwamba ziko kwenye rula moja hajui anachokimwaga.

Kama umeshamwaga, imwage yote chini ikiwa ya moto, weka oili ya 15W-40 ya injini za dizeli, badilisha filta.

Sasa pima. Swichi ya taa si geji. Inajua kuwaka na kuzima tu, na swichi mbovu hudanganya. Ifungue, funga geji ya mkono mahali pake. Angalia nyuzi za skrubu: za Toyota ni za Kijapani, PT 1/8, nyuzi 28 kwa inchi. Geji nyingi zina NPT 1/8, nyuzi 27. Inaingia mizunguko michache, inakaza, fundi anadhani imekaa, kumbe oili itavuja hapo au nyuzi zitakufa. Tafuta adapta yake. Chemsha injini sawasawa ndipo usome. Kwa 5L, silensa isishuke chini ya 0.3 kg/cm², na kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika iwe kati ya 2.5 na 6. Ndiyo, 0.3 ni kidogo hivyo. Taa yako inapepesa karibu kabisa na mpaka huo, kwa hiyo inawezekana swichi tu imechoka.

Kama geji inakubaliana na taa, usikimbilie pampu. Nusa kwanza kijiti cha oili. Kama kiwango kinapanda chenyewe na kinanuka dizeli, nozeli inavujisha mafuta kuingia kwenye oili na kuifanya nyepesi. Hapo beringi zinaweza kuwa hazina kosa. Kisha fungua sampu, bakuli la oili chini ya injini. Injini za mtumba nyingi zimewahi kufunguliwa na mtu mkarimu mno kwa gundi ya silikoni, na utakuta nyuzi zake nyeusi zimejiviringisha kwenye chujio la pampu kama tambi. Dalili yake ni presha kuwa nzuri silensa halafu kuyumba ukipiga resi, kinyume cha yako. Kata pia filta uliyoitoa, tandaza karatasi yake juani. Chembe zisizonaswa na sumaku, za rangi ya fedha au shaba, ni beringi zinazoondoka. Hapo fungua vifuniko vya kranki, pima uwazi. Ukifika 0.10 mm, pampu mpya haitakusaidia.

Kingine ninachokikuta kila mara ni washa (pete bapa ya chuma) iliyochomekwa nyuma ya springi ya valvu ya presha. Valvu ile inapunguza presha ikizidi. Injini ikiwa ya moto na iko silensa, valvu hiyo imefungwa tayari, kwa hiyo washa haiongezi kitu pale taa inapowaka. Vishoka wanaiweka kwa sababu ni rahisi, na mteja anaambiwa "tumekuongezea presha". Wengine hukata waya wa taa na kumaliza kazi.

Mnaotaka kununua injini za mtumba, Ilala au Gerezani: muuzaji akiiwasha kwa dakika mbili ikiwa ya baridi, hamjaona kitu. Oili nzito inanyamazisha injini kwa muda huo. Chomoa kijiti, gusa oili. Ikinata kama gundi, mwambie aitoe aweke ya kawaida, na alipie yeye. Nenda na geji yako na adapta ya PT mfukoni. Omba ichemshwe hadi feni ya radieta ipulize hewa ya moto usoni, soma silensa, soma 3,000. Akisema geji itaharibu nyuzi, mwambie umeshaleta adapta.