Ukikabidhiwa timu inayofungwa kila wiki

Timu nzuri zina wenyewe. Kocha mgeni hupewa ile ambayo wenzake wameikimbia, kwa hiyo wewe unayeanza kazi hii chuoni, jiandae: msimu wako wa kwanza huenda ukawa wa vipigo mtindo mmoja. Mbinu utajifunza taratibu. Ulimi ndio wa kuuchunga tangu siku ya kwanza.

Makocha wasaidizi wapya huwa nawapa mfano wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, katika futiboli ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu na mpira wa kubeba mkononi. Oktoba 15, 1983 waliifunga Yale 21-18. Ushindi uliofuata ulikuja Oktoba 8, 1988. Hapo katikati walipoteza mechi 44 mfululizo. Ligi yao, Ivy League, haikuruhusu kumpa mtu ufadhili wa masomo kwa sababu ya mpira, na enzi hizo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hakuchezea timu kubwa. Kijana aliyeingia chuoni 1984 akahitimu katikati ya 1988 hakuiona timu hiyo ikishinda hata mara moja.

Msimu wa kuutazama kwa makini ni wa 1985. Kocha mpya, Jim Garrett, alikuwa ametoka kufundisha kwenye ligi ya kulipwa. Mechi ya kwanza, dhidi ya Harvard, vijana wake wakatangulia 17-0. Harvard wakaamka, wakapachika pointi 49 bila kujibiwa. Baada ya mechi Garrett akawaambia wanahabari kwamba wachezaji wake ni waraibu wa kushindwa, akawafananisha na watu wa dawa za kulevya. Mechi ya kwanza hiyo! Zilibaki tisa, zote wakapoteza, na msimu ulipoisha naye akaondoka.

Sisemi maneno yale ndiyo yaliyowafungisha. Timu ilikuwa dhaifu kabla yake, na 1986 na 1987 pia haikuambulia ushindi. Ila angalia alichokuwa nacho mkononi: timu ambayo haijashinda kwa karibu miaka miwili imemwongoza Harvard kwa pointi 17. Hicho ndicho kilikuwa cha kuzungumzia.

Kwa nilivyoona mimi, timu iliyozoea kufungwa huogopa zaidi ikiwa mbele kuliko ikiwa nyuma. Hata kwenye soka utaiona: nahodha anaanza kutazama saa, mabeki wanarudi nyuma bila kuambiwa, kila mtu anauondoa mpira miguuni kwake kama unamdai. Hapo usipige kelele kutoka benchi. Mwite mmoja, mpe kazi moja ndogo inayoeleweka, awapelekee wenzake. Na filimbi ya mwisho ikilia, mwandishi akikuuliza, jibu kuhusu maamuzi yako: kikosi ulichopanga, mabadiliko uliyofanya, mazoezi ya wiki ile. Jina la mchezaji aliyekosea lisikutoke mdomoni mpaka Jumatatu, mkiwa wawili tu mbele ya video. Mimi huanza na kipande alichocheza vizuri, hata kiwe kifupi namna gani. Wapo makocha wanaoona huo ni ulegevu. Waache na yao.

Ushindi wa kwanza nao una hatari yake. Siku Columbia walipoifunga Princeton 16-13, mwaka 1988, teke la mwisho la Princeton halikupita kati ya nguzo, na mashabiki wakavamia uwanja wakaziangusha nguzo zenyewe. (Upande wa Princeton walikuwapo wana wa Garrett, waliohamia huko baba yao alipoondoka. Mpira una vituko.) Katika mechi sita zilizobaki, Columbia walishinda moja. Kwa hiyo waache vijana wako washerehekee Jumamosi yote mpaka wachoke. Jumatatu mazoezi yaanze saa ile ile, muangalie video vilevile, ila safari hii anza na walipokosea.