Kupima maumivu ya mgongo kwa Kiilokano: maswali yenu

Nilipoandika hapa kuhusu dodoso la Oswestry, kipimo cha Uingereza cha mwaka 1980 cha namna maumivu ya mgongo yanavyomzuia mtu kuishi maisha yake, niligusia kazi ya kuliweka katika Kiilokano, lugha ya kaskazini mwa Luzon, Ufilipino. Mmeniandikia, najibu machache.

Niko Muskat, nafanya kazi na nesi kutoka Ilocos, eneo la Wailokano. Si Wafilipino wote wanajua Kitagalog, lugha kuu ya nchi yao?

Wengi wanakijua. Lakini mwenye mgongo mbovu mara nyingi ni mkulima mzee wa mpunga, tumbaku au vitunguu saumu, aliyeinama shambani tangu utotoni. Huyo akiulizwa kwa lugha ya darasani, atajibu ili kumridhisha daktari. Isitoshe, Kiilokano ni lugha ya tatu Ufilipino kwa wingi wa wazawa wake, na kimefika hadi Hawaii, ambako vibarua wa kwanza wa Kifilipino walipelekwa kwenye mashamba ya miwa mwaka 1906.

Dodoso lina nini ndani?

Vipengele 10: ukali wa maumivu, kujihudumia, kunyanyua vitu, kutembea, kukaa, kusimama, kulala, tendo la ndoa, kujumuika na watu na kusafiri. Kila kimoja kina alama 0 hadi 5. Jumla huzidishwa mara mbili, unapata asilimia; ikipanda, hali ni mbaya zaidi.

Kwa nini asitafutwe mwalimu mmoja wa Kiingereza amalize kazi jioni moja?

Kwa sababu atatafsiri sentensi, na mzigo wa mgonjwa utabaki nje. Chukua kutembea: dodoso linauliza kama maumivu yanakuzuia kupita maili moja. Bibi wa kijijini Ilocos hapimi njia kwa maili. Umuulize kama anafika kanisani au sokoni, mradi umbali ulingane. Kusafiri nako: saa mbili ndani ya gari la Uingereza si sawa na saa mbili ndani ya jipni, gari la abiria la Ufilipino, iliyojaa, barabara mbovu.

Ndiyo maana utaratibu unaofuatwa na wengi tangu mwaka 2000 unataka watafsiri wawili, mmoja asiyejua lolote kuhusu kipimo. Tafsiri zao huunganishwa, kisha wengine wawili ambao hawajaona asili wanairudisha kwa Kiingereza. Kamati inakaa, halafu wagonjwa 30 hadi 40 wanajaribishwa na kuulizwa, swali kwa swali, wameelewa nini. Hatua hii ya mwisho ndiyo watu huikimbia, nami naiona ndiyo roho ya kazi yote.

Mama yangu ana miaka 70. Akiulizwa habari za chumbani ataondoka! Swali hilo lifutwe?

Hapana. Maumivu yanavunja ndoa za watu kimyakimya, na swali likifutwa hawatapata pa kusemea. Liachwe, aulizwe faragha, wakwe na watoto wakiwa nje, na awe huru kuliruka. Akiliruka, hesabu ibadilike: mwenye alama 18 kwa vipengele tisa anagawanywa kwa 45 (tisa mara tano), anapata asilimia 40. Ukigawa kwa 50 utaandika 36, umempunguzia ugonjwa wake.

Naweza kulitafsiri kwa kilugha chetu?

Omba ruhusa kwanza. Oswestry ina haki miliki, na maombi hupitia Mapi Research Trust, shirika linalotoa leseni za madodoso kama haya. Kama huna muda wa kusubiri, dodoso jingine la maumivu ya mgongo, la Roland-Morris la mwaka 1983, lenye kauli 24 za ndiyo au hapana, ni huru kutumika.