Leseni ya malema imepanda, tufanyeje?

Ndugu yangu wa Tudor, Mombasa, umesema leseni imepanda hadi mzee wako ataka kutundika malema yake, ile mitego ya samaki ya kusukwa. Asitundike bado. Kabla ya kulipa au kugoma, ulizeni ada hiyo imo katika sheria gani, tena kwa barua. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 210, hairuhusu ada ya leseni kutozwa wala kubadilishwa ila kwa sheria. Hapo ndipo penye nguvu yenu. Ikiwa ni ada ya kaunti, pitieni BMU yenu (kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo) mpeleke maoni mswada wa fedha wa kaunti ukiwa bado katika bunge la kaunti (wengi huamka ushapita!). Ombeni ada ya malema itengwe na ya maboti ya mashine: lema husukwa kwa mkono, na samaki mdogo aweza kurudishwa majini yu hai. Mimi ningempeleka mzee akasuke lema mbele ya waheshimiwa.