Maswali Mawili Kabla ya Kukariri Viungo vya Mwili

Mwaka wangu wa kwanza wa fiziotherapia hapa Kisumu, nilikariri jedwali lote la viungo, yaani maungio ya mfupa na mfupa. Upande mmoja viungo vya nyuzi, vya gegedu (ile tishu imara inayopindika kama ya sikio) na vya sinovia (vyenye mfuko wa ute ndani). Upande wa pili visivyosogea, vinavyosogea kidogo na vinavyosogea kwa uhuru. Nikaamini kila jina la kushoto lina mwenzake kulia. Kwenye mtihani wa mdomo, mwalimu akashika muundi na ule mfupa mwembamba wa kando yake, akaiunganisha kwa chini, karibu na kifundo cha mguu. "Kiungo gani hiki, na je, kinasogea?" Nikajibu ni cha nyuzi, kwa hiyo hakisogei. Akasema, "Pole pole. Nimekuuliza maswali mawili."

Kiungo kile ni cha nyuzi kweli, lakini husogea kidogo.

Basi ndugu zangu mnaoanza, shikeni maswali hayo mawili na myatenganishe. Kuna nini kati ya mfupa na mfupa? Kisha, mifupa hiyo inasogea kiasi gani? Hata mahali pamoja jibu la pili hubadilika na umri. Mishono ya nyuzi kati ya mifupa ya fuvu la mtu mzima imekazana kabisa, ilhali mtoto anapozaliwa mifupa hiyohiyo hupandiana kidogo ili kichwa kipite, na utosi wa mbele huendelea kuwa laini hadi karibu mwaka mmoja na nusu. Vilevile gegedu. Ile ya ukuaji katika mifupa ya mtoto haisogei, na hugeuka mfupa mtu akishamaliza kurefuka. Lakini visahani vya gegedu vya uti wa mgongo vinabaki. Mtazame mama anayeinama pale ufukwe wa Dunga kuchagua samaki: kila kisahani kinatoa mwendo mdogo tu, ila viko 23, na vikijumlishwa mgongo mzima unapinda.

Viungo vya sinovia msivisome kwenye picha peke yake. Nendeni bucha, ombeni goti la mbuzi, na mwambieni mwenye bucha asiligonge kwa panga. Pasueni mfuko wake taratibu. Mtaona ute unaoteleza kama ute wa yai, gegedu nyeupe inayong'aa, kano mbili zilizopishana katikati na vipande viwili vyenye umbo la mwezi mchanga. Gegedu ile haina mishipa ya damu, ndiyo maana ikichanika haiponi kwa urahisi. Mimi nilijifunza zaidi kwa goti lile kuliko kwa wiki nzima ya kukariri.

Aina sita za sinovia hufuata umbo la nyuso zinazokutana. Kiwiko ni bawaba. Pingili mbili za juu shingoni huzungukana unapotikisa kichwa kukataa. Unapokubali, kazi kubwa inafanyika juu kidogo, fuvu linapokaa juu ya pingili ya kwanza. Vifupa vya kifundo cha mkono vina nyuso bapa zinazoteleza, na vidole vinapoungana na kiganja nyuso ni za umbo la yai. Shina la kidole gumba ni tandiko, kama la farasi: jaribuni kumega tonge la ugali bila gumba, hamtasahau tena.

Halafu kuna tufe ndani ya tundu, bega na nyonga. Hapa ndipo nataka mkae zaidi, kwa sababu jina ni moja na hatari ni tofauti. Tundu la nyonga lina kina kirefu, limeukumbatia mfupa wa paja. Kulitegua kunahitaji nguvu kubwa, kama ya ajali ya gari. Tundu la bega ni kisahani chenye kina kifupi, na uhuru wote wa mkono umenunuliwa kwa kupoteza uimara. Dereva wa boda boda akianguka akijikinga kwa mkono ulionyooshwa, bega linaweza kuchomoka, na mara nyingi huchomokea mbele.

Mkimpata wa namna hiyo, msimvute mkono. Mguseni ngozi ya upande wa nje wa bega na mmuulize kama anahisi. Ganzi pale inaashiria kwamba neva (mshipa wa fahamu) inayopita chini ya kiungo imeumia. Andikeni jibu lake, mfungieni mkono ulivyo, na mpelekeni akapigwe eksirei kabla ya mtu yeyote kujaribu kulirudisha.